Saa ya Aliyesafiri na Saa ya Aliyebaki

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, lakini huyu alizaliwa bila baba yeyote kujitokeza, basi jina likarudi nyumbani kwetu, likanipata mimi. Kwa sababu hiyo binti yangu humwita mtoto wake Mama, na mimi pia huniita Mama, na watu wa kijiji chetu cha Wamagana hawaoni ajabu yoyote. Kwetu bibi na mjukuu huhesabiwa rika moja. Hutaniana, hugombea kiti kilicho karibu na moto, na mtoto akikosa adabu bibi husema, “Msimpige, mtanipiga mimi.”

Binti yangu aliondoka Jumanne, tarehe 4 Novemba 2014, kwenda kutunza wazee katika nchi ya baridi huko ng’ambo. Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili. Ni mimi niliyemwambia aende. Nilimwambia pia, tukiwa tumesimama langoni, asirudi kabla karatasi zake za ukaazi hazijakamilika, kwa maana anayerudi mikono mitupu huchekwa, na nyumba yangu ilikuwa imechekwa vya kutosha tangu mume wangu afariki, Alhamisi, tarehe 19 Machi 2009. Binti yangu alitii. Karatasi zilichukua miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo nilimlea mtoto, nilichuma majani chai, na nilisoma. Nilikuwa nimeachia darasa la nne nikiwa msichana, ili niwabebe wadogo zangu. Nilirudi darasani Jumatatu, tarehe 11 Januari 2010, nikiwa mjane wa miezi kumi, nikaketi kwenye dawati lililokuwa limetengenezewa magoti ya mtoto. Sijaacha tangu siku hiyo. Sasa nimefika masomo ya sekondari, na kila Jumamosi sisi watu wazima saba hukutana katika shule ya msingi kufundishwa fizikia na mwalimu kijana, mwanamke aliyezaliwa Kiriaini, ambaye hutuita Mama na Baba hata anapotuwekea alama sifuri.

Jumamosi, tarehe 20 Septemba mwaka jana, mwalimu alikuwa akifundisha nuru. Mwenye bucha, ambaye hukaa nyuma kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, aliinua mkono.

“Mwalimu, ati ni kweli mtu anaweza kupanda roketi, arudi akiwa kijana?”

“Hiyo haiko kwa mtihani, Baba.”

“Lakini iko kwa dunia.”

Mwalimu alicheka, akaweka kitabu chini. Alichora watu wawili ubaoni. Alisema tuwachukulie kuwa wa rika moja, waliozaliwa msimu mmoja. Mmoja anabaki hapa akipalilia kahawa. Mwingine anasafiri angani kwa kasi inayokaribia sana ile ya nuru, kisha anageuka na kurudi. Kwa saa ya msafiri safari inaweza kuwa ya miaka mitatu. Kwa saa ya aliyebaki ikawa miaka thelathini. Wanapokutana, mmoja bado ana meno yote, na mwingine anatembelea fimbo.

“Sasa saa ya nani imeharibika?” akauliza mwenye bucha.

“Hakuna. Zote mbili ziko sawa. Kila moja imehesabu wakati wa mwenyewe, na haikudanganya hata kidogo.”

Mimi niliuliza jambo lililonisumbua: huyo aliyerudi ni wa rika gani? Kwetu rika halibadiliki. Wale ulioingia nao utu uzima ndio utakaozikwa nao.

“Akae na wazee!” akasema mama mmoja wa kwaya.

“Na mke wake je, aliyemwacha hapa?” akauliza mwenye bucha.

“Mke atamwosha uso, ampe uji, amwambie, mjukuu wangu, umekua!” akajibu mama wa kwaya.

Darasa zima lilicheka. Mwalimu akaongeza kwamba si kasi peke yake inayofanya hivyo. Uzito wa dunia pia huivuta saa. Saa iliyo juu kileleni mwa mlima hukimbia kuliko iliyo chini kule Kutus, kwenye mashamba ya mpunga, ingawa kwa kiasi kidogo ambacho hakuna saa ya mkono inayoweza kukionyesha.

“Ndiyo maana watu wa Kutus hawazeeki,” akasema mwenye bucha.

“Hao ni mchele unawashikilia,” akajibu mama wa kwaya.

Kisha mwalimu akaeleza shimo jeusi: nyota kubwa iliyojiangukia yenyewe hadi uvutano wake ukawa mkali kiasi kwamba hata nuru ikiingia haitoki. Anayezunguka karibu na ukingo wake, akafanikiwa kuondoka, atakuta huku nje miaka mingi imepita. Anayevuka ukingo harudi kamwe. Na anayemtazama kwa mbali hamwoni akivuka. Humwona akipunguza mwendo, akififia, kana kwamba amesimama pale pale.

“Na kurudi nyuma?” nikauliza. “Kwa jana, si kwa kesho.”

Darasa zima liligeuka kunitazama. Walidhani namuulizia marehemu. Sikuwasahihisha. Mume wangu aliumwa kwa muda mrefu, tuliagana vizuri, na sina deni naye. Mimi nilikuwa naiulizia ile Jumanne ya langoni.

“Kwenda mbele inawezekana, Mama, imepimwa,” akajibu mwalimu polepole. “Kurudi nyuma, kuna hesabu za shimo jeusi linalozunguka zinazoonyesha kama njia. Lakini ni hesabu za karatasi. Hakuna anayejua kama njia hiyo inaweza kupitika, na wengi wanaona maumbile hayataikubali.”

Nilinakili maneno hayo katika daftari, nikaweka tarehe.

Binti yangu alirudi Jumamosi, tarehe 6 Desemba, baada ya miaka kumi na moja, mwezi mmoja na siku mbili. Alishuka langoni akiwa na masanduku matatu na koti ambalo hakuna mtu wa kwetu Tetu angelihitaji hata Julai, mwezi wetu wa baridi. Mtoto alikwenda kumpokea. Alikuwa amemzidi mama yake urefu kwa upana wa kiganja.

“Mama!” binti yangu alimwambia mtoto wake, na akabaki na mikono hewani kwa sababu hakujua ashike wapi, bega au kichwa.

Walikuwa wamezungumza kwenye simu kila Jumapili. Lakini simu huonyesha uso, na uso wa mtu hauna futi wala inchi. Masanduku yalipofunguliwa sebuleni tuliona viatu vyekundu vya mtoto wa miaka minane au tisa, magauni yenye riboni, na begi la shule lenye picha ya sungura. Mjukuu wangu, ambaye ana miaka kumi na minne na huvaa viatu ninavyovaa mimi, alivipokea kimoja kimoja akisema asante. Niliona jinsi alivyokunja vidole vya miguu ndani ya ndara.

“Ungeniuliza namba,” nilimwambia binti yangu tulipobaki wawili.

“Ni mama gani huuliza namba ya kiatu cha mtoto wake?” alinijibu.

Hata mimi nisingeuliza. Kiburi hicho alikinyonya kwangu.

Siku ya tatu alitoa fomu. Alitaka kuondoka na mtoto. Karatasi zake sasa zilimruhusu, lakini chifu alikuwa ameniandikisha mimi kuwa mlezi, hivyo ilikuwa lazima nitie sahihi hati ya kiapo mbele ya wakili mjini Nyeri. Alikuwa tayari amepanga siku: Jumatatu, tarehe 29 Desemba. Yeye mwenyewe angepanda ndege Jumapili ya tarehe 4 Januari, na mtoto angemfuata viza ikitoka.

“Umepanga bila kuniuliza,” nikasema.

“Mama, si tulisema ni kwa muda mfupi? Mimi naona ni kama juzi tu.”

“Kwako.”

Nilitamka neno hilo moja, nikaenda kuchuma majani. Kwa siku kumi na moja tulizungumza juu ya chumvi na maji peke yake. Nilichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Nilikuwa nikibeba kikapu mgongoni na ndani ya kichwa nikibeba hesabu: surua, meno yaliyong’oka, siku za kwanza za shule, usiku wa pumu. Nilitaka binti yangu azisikie zote kwa tarehe zake. Nilikuwa nimeamua kutotia sahihi.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba, mchana, tulikuwa jikoni tukimenya minji, yaani njegere, sisi watatu, kwa sababu wageni wa Krismasi walikuwa wanakuja, na minji haisubiri watu wapatane. Binti yangu, ili tu ukimya uvunjike, aliniuliza tunasoma nini siku hizi. Nilimweleza habari za wale wawili wa rika moja, na za ile njia ya shimo jeusi. Nakiri kwamba nilimweleza ili nimchome. Nilisisitiza sehemu ya aliyebaki akipalilia hadi akazeeka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na yule aliyerudi?”

“Yeye amerudi kijana.”

“Nimekuuliza juu yake, Mama. Anashuka pale, anatafuta watu wake. Anakuta nini?” Aliweka ganda chini. “Niliacha mama mwenye nywele nyeusi aliyebeba gunia la mbolea peke yake. Nimekuta mtu anayeshika ukuta ili ainuke. Hakuna aliyeniambia. Kila Jumapili ulikuwa unakaa mbele ya simu, umefunga kitambaa vizuri, unasema uko sawa.”

Ilikuwa kweli. Kila Jumapili nilifunga kitambaa kabla ya simu kulia, na nilikuwa nimeketi tayari ili asinione nikiketi. Nilikuwa nimehesabu miaka kumi na moja yote upande wangu, kana kwamba yeye hakuishi hata mmoja. Mwalimu alisema saa zote mbili ziko sawa, na mimi nilinakili, nikaweka tarehe, nisielewe.

“Ni mimi niliyekwambia usirudi,” nikasema. Sikuwahi kulitamka jambo hilo mbele ya mtu.

“Najua. Nilikuwepo.”

Hapo mjukuu wangu, aliyekuwa kimya tangu siku ya masanduku, alisukuma bakuli la minji.

“Cucu,” akaniambia, kama tunavyoita bibi kwetu, “hiyo njia ya shimo jeusi, inaweza kurudisha mtu akiwa na miaka mitatu?”

“Hapana. Hakuna anayejua njia.”

“Basi wacheni kunigombania nikiwa wa miaka mitatu.” Alimgeukia mama yake. “Wewe unaniita nani?”

“Mama.”

“Na mama yako, unamwambia mambo ama unamuuliza?”

Binti yangu alinitazama, nami nikamtazama. Niliona kicheko kikianza kwenye kona ya mdomo wake, na kwangu pia, ingawa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukimaliza. Kwa desturi yetu mtoto alikuwa na haki kabisa. Jina si pambo. Ukimwita mtu mama, huwezi kumpangia safari kama mzigo wa viazi. Unakwenda kwake, unaketi chini yake, unamuuliza. Na mimi, ambaye nilimwita mwenzangu wa rika tangu azaliwe, nilikuwa nimemkatalia safari bila kumwuliza vilevile.

Binti yangu alishuka kwenye kiti chake, akaketi kwenye kigoda kidogo karibu na moto.

“Mama,” akamwambia mtoto wake, “ungependa kuja kukaa na mimi?”

Mtoto kwanza alimenya maganda matatu au manne.

“Nataka kwenda,” akasema. “Niko na hofu, lakini nataka. Nataka kukujua kabla sijawa mkubwa kabisa.” Kisha, bila kunitazama: “Cucu, usikasirike.”

Nilimwambia sikasiriki. Nilimwambia pia kwamba wa rika moja hawaombani ruhusa, wanaagana tu. Nilisema hivyo kwa sauti imara, na nadhani waliniamini.

Tarehe 29 Desemba tulipanda ngazi za ofisi ya wakili, ghorofa ya pili, mjini Nyeri. Wakili alisoma hati kwa sauti. Alipofika kwenye majina alisimama, akatazama karatasi, akatuangalia mimi na mtoto.

“Hapa kuna kosa. Jina la mlezi na la mtoto ni moja.”

“Hakuna kosa,” binti yangu akamwambia. “Wote wawili ni mama yangu.”

Wakili alikuwa mtu wa huku. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea. Nilitia sahihi yangu yote, jina kamili, kama nilivyofundishwa nikiwa na miaka arobaini na sita. Muhuri ulipigwa mara mbili.

Tuliposhuka hadi chini, palikuwa na ukingo wa saruji mbele ya duka la dawa. Binti yangu alisema tukaze mwendo, tutafute chakula kabla hoteli hazijajaa.

“Nimechoka,” nikamwambia.

Alisimama. Nadhani alisubiri niseme kwamba natania, au kwamba ni jua. Badala yake nilimpa mkono wangu mbele ya watu wote waliokuwa wakipita, naye akanishika chini ya kwapa, mtoto akanishika upande wa pili, wakanikalisha juu ya ule ukingo polepole, na wao wakaketi.