Sauti ya Besi Mlimani Asego

Masese anashona viatu nje ya lango la chuo chetu cha ualimu mjini Homa Bay, chini ya mwavuli wa tangazo la sabuni ambao rangi yake imekwisha. Alitoka Kisii miaka ishirini na mitatu iliyopita pamoja na mkewe, Mong'ina, na sasa, baada ya kufiwa naye, amebaki peke yake. Kabla ya kukitia kiatu sindano, hukigeuza kwanza na kuichunguza soli kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

"Hiki kimelika kisigino upande wa kulia tu," aliniambia siku ya kwanza. "Unatoka bweni, unaingia darasani, unarudi. Njia moja mwaka mzima. Homa Bay hujaiona."

"Nimeiona, mzee. Nilifika mpaka gatini."

"Gati hata mgeni wa siku moja ameiona," akasema, akauma uzi.

Hivyo ndivyo alivyotukusanya, kiatu kwa kiatu. Jumamosi ya kwanza ya muhula tulikuwa sita, tukimngoja saa tisa mbele ya kanisa la Wasabato. Alitoka amevaa tai ya buluu na viatu vilivyong'aa kuliko vyetu vyote. Hakutaka malipo yoyote. Siku ya Sabato hauzi wala hanunui, na tulipopita kwa muuza njugu alitazama mbele kana kwamba kichwa hakina shingo.

"Mzee, hii safari yako haina hata soda?" Clifford alimuuliza. Clifford alikuwa mcheshi wa darasa letu.

"Ina miguu. Tumia hiyo."

Alitupeleka mahali ambapo hakuna mtu angetushauri twende. Tuliona uwanja ambapo wanawake huanika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu, kila mmoja na kipande chake, na mipaka isiyoonekana ambayo hakuna anayeivuka. Tuliingia karakana ya mitumbwi, mtumbwi wa watu wa kisiwa cha Rusinga umegeuzwa kifudifudi na fundi akiuandika jina kwa brashi nyembamba. Nyuma ya machinjio tulisimama kuwatazama makorongo, wamejipanga kama wazee wanaosubiri mkutano ambao mwenyekiti amechelewa. Masese alikuwa akitueleza kila kitu kwa sauti ya chini, lakini kila mara aliangalia jua, kisha akamwangalia Nyarangi.

Nyarangi alikuwa mmoja wetu, msichana wa Kisii, Msabato, na kwao aliimba katika kwaya. Masese alilijua hilo kwa sababu alimuuliza siku aliyomshonea mkanda wa kiatu. Safari nzima aliipanga ili iishie kwenye jiwe pana katikati ya mlima Asego, jua likikaribia maji. Wasabato huifunga Sabato kwa wimbo jua linapozama. Yeye na Mong'ina walikuwa wakiifunga hapo, juu ya jiwe hilo, kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Kanisani mjini wanaimba kwa Dholuo, na Masese huimba nao, lakini wimbo ule mmoja wa kufunga hajawahi kuujifunza kwa lugha nyingine. Mong'ina aliimba sauti ya kwanza. Masese anaimba besi.

Tulifika jiweni saa kumi na mbili kasoro. Ghuba yote ilikuwa imetandazwa chini yetu. Clifford alipiga picha tatu, kisha akatazama saa.

"Mzee, asante sana. Sisi tunaishia hapa. Mechi inaanza saa kumi na mbili na nusu."

"Jua bado," Masese alisema.

"Jua tutaliona kesho, mzee. Mechi ndiyo haina marudio."

Tulicheka. Masese alimgeukia Nyarangi. "Binti yangu, wewe huifungi Sabato?"

"Naifunga, baba. Lakini wenzangu wanashuka, na giza likiingia sitaki kutembea peke yangu. Nitakuja wiki ijayo."

Alikuwa anasema kweli, wakati ule. Tukateremka. Sikugeuka nyuma, na nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku hiyo.

Aliyebaki kati yetu sita ni Mulki. Mulki ni Msomali wa Wajir, na alikuwa akikaa kwa mjomba wake Abdullahi mwenye duka la vitambaa mjini. Mulki ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Masese alimpa maji kutoka kwenye chupa yake, naye akakataa.

"Niko kwenye saumu, mzee. Nalipa siku zangu za Ramadhani. Naona nifuturu hapa kabla ya kushuka, nina tende."

"Kwa hiyo na wewe unalingoja jua."

"Nalingoja. Simu inasema bado dakika thelathini na nane."

Masese alitoa mfukoni kadi ya kanisa yenye saa za machweo. Wakalinganisha. Simu na kadi zilipishana dakika moja, nao wakakubaliana kufuata ile ya baadaye. Wakakaa, kila mmoja upande wake wa jiwe.

Jua lilipozama, Mulki alikula tende yake na Masese akasimama akaimba. Mulki aliniambia hakuelewa ni wimbo gani. Ulikuwa unapanda kidogo na kushuka, ukikaa palepale, kama mtu anayebeba upande mmoja wa meza. Kuna mahali alinyamaza kabisa, akihesabu kwa kidole pajani, kisha akaendelea.

"Mbona unakatika katikati?" alimuuliza.

"Hapo anaingia mke wangu peke yake," Masese alisema. "Mimi nangoja amalize."

Mulki hakuweza kumsaidia kuimba. Alihamia upande wa pili akasali, akarudi, wakateremka pamoja mpaka dukani kwa mjomba wake.

Wiki iliyofuata Nyarangi hakuja. Wala mimi. Tulikuwa tumeshaandika orodha ya sehemu zote kwenye simu na kuwapelekea wenzetu, kwa hiyo watu walikwenda wenyewe, siku yoyote waliyotaka. Mulki alipanda naye Jumamosi tano. Kisha akapangiwa mazoezi ya kufundisha shule moja huko Migori.

Majuzi, baada ya kuhitimu, nilipita langoni kumwomba Masese radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alikigeuza kiatu changu, akatazama soli.

"Sasa kimelika pande zote," akasema. "Vizuri."

Nilimuuliza kama bado anapanda Asego. Alifungua simu yake ndogo ya vibonyezo akanionyesha. Kila Jumamosi kuna ujumbe mmoja wa Mulki, mfupi, wenye saa tu: 12:41. 12:43. 12:44. Migori na Homa Bay jua huzama karibu dakika ileile. Masese huusoma akiwa jiweni, huisubiri dakika hiyo, huimba sehemu yake na kuhesabu penye kimya.

Akimaliza ndipo humjibu. Nilipekua majibu yote, kuanzia la juu hadi la mwisho. Yalikuwa neno lilelile: Limezama.