Aliyeshika Upande wa Pili wa Msumeno

Sikuwa naumwa, sikuwa nimekunywa kitu, wala sikuwa naota. Watu nikiwasimulia huanza na maswali hayo, kwa hiyo nimeyajibu mapema. Njaa nilikuwa nayo, hilo sikatai, lakini tangu lini njaa ikamshikia mtu msumeno? Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mtu wa pili aliyeziona alama zake yupo hai, anakaa Misungwi, na ukimuuliza atakuambia uongee mambo mengine.

Sisi tunakaa pembeni ya Kisesa, upande unaoteremka kwenda ziwani. Baba alitangulia, mama akafuata miaka mitatu baadaye, mimi nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu kuna mapacha, Kulwa na Doto, ambao wakati huo walikuwa na miaka tisa. Niliacha shule ili wao wasiache. Sisemi ili unionee huruma, ndivyo ilivyokuwa.

Tulipomaliza matanga ya mama, ukoo ulikaa. Baba mdogo akasema yeye atamchukua Kulwa, na Doto ataenda kwa shangazi, Geita. Nikasema hapana, wote wanabaki na mimi. Wakacheka.

"Mtoto analea watoto?" shangazi akasema. "Wewe mwenyewe bado unatakiwa ubebwe."

"Basi nibebeni sote watatu pamoja," nikamjibu.

Baba mdogo hakucheka. Akasema, "Sawa. Nitakuja siku ambayo sitakutaarifu. Nikikuta jiko limelala na watoto hawajala, siku hiyohiyo naondoka na Kulwa. Na wewe usilie."

Hakuwa mtu mbaya, naomba unielewe. Alikuwa anaogopa tutakufa njaa. Lakini hawa mapacha, mmoja akiumwa jino, mwingine hali chakula. Utawagawaje?

Siku hiyo ilikuja katikati ya masika. Jioni yake, binti wa baba mdogo alinipigia simu kwa kunong'ona. "Dada, baba anakuja huko kesho asubuhi kwa pikipiki. Ameshatafuta na begi."

Nikaingia jikoni. Mkaa hakuna, na wa kununua sikuuweza. Kuni zilizokuwa nje zilikuwa zimekunywa mvua wiki nzima, ukizikamua zinatoa maji. Siku mbili tulikuwa tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa sababu havihitaji moto. Unga ulikuwepo. Dagaa walikuwepo. Kilichokosekana ni moto.

Nikaukumbuka mkwaju. Chini kule, karibu na mawe ya ziwani, kuna itongo, yaani mahali palipokuwa na boma la watu zamani wakahama. Palikuwa na mkwaju mkubwa uliokauka ukiwa umesimama, na upepo wa ziwani ulikuwa umeuangusha siku chache nyuma. Mwenye kiwanja ni mtu wa mjini. Alituma neno kwa mwenyekiti wa kitongoji kwamba anayetaka kuni achukue bure, yeye anataka kusafisha ajenge. Matawi yaliisha kwa siku mbili. Shina likabaki, kwa sababu mkwaju mkavu unalirudisha shoka kama chuma. Lakini mimi nilijua kitu kimoja: hata unyeshewe mwezi mzima, moyo wake unabaki mkavu. Ukiukata vigogo, ukavipasua, ukachukua cha ndani, unawasha siku hiyohiyo.

Usiku huohuo nikaenda kwa jirani yetu seremala kuazima msumeno mrefu, ule wa mikono miwili.

"Shikamoo."

"Marahaba. Huu unavutwa na watu wawili, mama," akaniambia. "Mwenzako nani?"

"Nitajua hukohuko."

"Haya. Ukimpata mwanaume wa kuamka saa kumi na moja kukata mkwaju, olewa naye."

Alfajiri nikawaacha mapacha na kazi ya kuchota maji. Nikachukua shoka, msumeno, kabari ya chuma aliyoniachia baba, na kiberiti chenye njiti tano. Nilifika kunapambazuka. Ukungu ulikuwa umetoka ziwani ukalala juu ya majani, na majani yalikuwa yamelowa chapa. Nikaanza kukata peke yangu. Wewe umewahi kuvuta msumeno ule peke yako? Unapinda, unakwama, unacheka. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, na mfereji haukufika hata unene wa kidole. Nikakaa juu ya gogo, nikalia. Nilijiambia nalia mara moja tu, kisha naendelea.

"Mwadila, mwanangu."

Nikageuka. Alikuwa mama mtu mzima amejifunga kaniki, peku. Kilichonishangaza kwanza ni salamu yake. Mwadila kwetu Wasukuma ni salamu ya jioni. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza. Nikadhani uzee tu, nikamwitikia kwa heshima.

"Unahangaika na mti wetu," akasema.

"Nisamehe mama. Mwenyewe ametoa ruhusa."

"Sijakukataza. Nishikie upande huo. Tufanye haraka, jua linazama."

Akashika mkono wa pili wa msumeno. Niamini, tangu nizaliwe sijavuta msumeno na mtu kama yule. Mimi kila nikimaliza kuvuta nilikuwa namsukumia, ndiyo kosa langu. Akasimama. "Usinisukumie. Ukivuta, vuta. Ukimaliza, niachie. Kila mtu ana zamu yake." Baada ya hapo ule msumeno ukawa unapita kama kwenye muhogo. Tukakata kigogo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilikuwa nahema, jasho linanitiririka. Yeye hakuhema. Nikainamisha macho nipumzike, nikaiona miguu yake. Ilikuwa mikavu. Kavu kabisa, yenye vumbi la kiangazi, katikati ya majani yaliyolowa.

Kwa nini sikukimbia? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu zilikuwa zimebaki saa mbili tu baba mdogo afike, na mtu wa kwanza kunisaidia tangu mama afe ndiye huyo.

Nilipoinua shoka kupasua, akanizuia tena. "Usiupige moyo. Mkwaju ukiupiga moyo unakasirika. Anzia pembeni, umenye." Nikaweka kabari pembeni, mbali na fundo, nikapiga. Kipande kikatoka. Nikazunguka hivyohivyo, namenya, mpaka kikabaki kile cheusi cha ndani, kikavu kama mfupa. Nikazifunga kuni zangu mzigo mmoja. Nikamshukuru, nikainama niuinue.

"Sasa niwashie moto," akasema. "Usiku unaingia na wanangu hawajala."

Nikaona mbele yake mafiga matatu yaliyoota kuvu, nusu yamezama ardhini. Nikamuuliza, "Wako wapi watoto, mama?"

"Waligawanywa. Nilipowekwa tu chini, wakagawanywa. Mmoja huku, mmoja kule, yule mdogo ng'ambo ya ziwa. Wakirudi watakuta jiko baridi. Watapita, watasema mama hayupo."

Jua lilikuwa limeshapanda. Kila dakika niliyokaa pale, pikipiki ya kutoka Misungwi ilikuwa inasogea nyumbani kwetu. Ningeweza kusema nitarudi. Ungesema wewe? Mimi neno hilo lilifika mdomoni. Lakini nilimwangalia, nikamwona mama yangu amekaa mahali fulani na jiko baridi, anamsubiri Kulwa atoke upande huu na Doto atoke upande ule. Nikautua mzigo.

Mafiga yalikuwa na maji. Nikayafuta kwa kanga yangu. Nikachonga vibanzi vya ule moyo mweusi, nikavipanga. Njiti ya kwanza ikazimika. Ya pili kichwa kikakatika. Ya tatu ikashika, upepo ukaizima. Niliiombea ya nne kwa kila jina nililofundishwa kanisani. Ikashika. Nikalala kifudifudi, nikapuliza, moshi ukaniingia machoni, na mwali ukasimama.

Yeye alichuchumaa, akanyoosha mikono. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo, "Aah." Hilo tu. Kisha kutoka juu kwenye mawe nikasikia watoto. Wengi, wanateremka wanakimbizana, wanacheka kama watoto walionusa chakula. Niliyafikicha macho kwa sababu ya moshi. Nilipoyafumbua hapakuwa na kaniki, hapakuwa na mtoto, kulikuwa na moto unaowaka peke yake na ndege wa ziwani wanapiga kelele.

Hapo ndipo nilipokimbia, na msumeno tu mkononi.

Nilikuta pikipiki mlangoni. Kulwa amekaa kwenye kizingiti na begi mapajani, Doto ameushika mkanda wa begi kwa mikono yote miwili na hataki kuuachia. Baba mdogo alikuwa amesimama jikoni.

"Shikamoo baba mdogo."

"Saa tatu," akasema, salamu hakuitikia. "Jiko limelala. Watoto hawajala. Ulikuwa wapi?"

"Kuni, baba. Nimekata mkwaju kule itongoni."

Akauangalia msumeno. Akaniangalia na mimi, kanga ina matope na majivu. "Huu hauvutwi na mtu mmoja. Ulikuwa na nani?"

"Mama mmoja."

"Mama yupi?"

Nikautua msumeno chini.

"Ulikuwa na mwanaume," akasema. "Alfajiri, porini, na watoto umewaacha na njaa. Kulwa, panda pikipiki."

"Baba mdogo, twende ukaone kwanza," nikamwambia. "Nyayo zipo, kuna matope. Ukikuta za mwanaume, mchukue Kulwa, na Doto mchukue, na mimi sitalia."

Sijui nilipata wapi kifua cha kusema vile. Akakubali, nadhani ili aniaibishe vizuri.

Tulipofika, moto ulikuwa bado unawaka. Alizunguka gogo polepole. Upande wangu matope yalikuwa yamevurugwa, nyayo zangu zimezama, unga wa mti umekanyagwa. Akapita upande wa pili. Unga wa mti ulikuwepo, mwingi sawasawa na wa kwangu, umelala juu ya majani. Na chini yake majani yalikuwa yamesimama yote, umande bado juu yake, hakuna hata moja lililokanyagwa. Akachuchumaa, akayagusa kwa kidole. Akaangalia mikato mitatu, laini, iliyonyooka, ambayo hakuna mtu mmoja duniani anaweza kuikata na msumeno ule. Akaangalia mafiga.

Nilimsimulia yote pale, hata ya watoto waliogawanywa. Hakusema ni uongo. Alivua kofia yake, akakaa nayo mkononi kama mtu aliyefika msibani.

"Turudi," akasema mwisho. "Watoto hawajala."

Akabeba kuni yeye mwenyewe, na vigogo vilivyobaki. Akarudia mara tatu, mtu mzima, na viatu vyake vya safari. Nilisonga ugali, nikaunga dagaa, tukala wote kwenye sinia moja, na Kulwa na Doto wakagombania ukoko. Jioni aliondoka peke yake. Begi aliliacha. Tangu siku hiyo haijapita miezi miwili bila kuja au kututumia gunia la mpunga, na ya kugawana hajayataja tena.

Mapacha sasa wako sekondari, darasa moja. Mimi nakata kuni za watu, nimezoea. Ila mpaka leo mkono wangu wa kulia hupata ubaridi kunapopambazuka, hata kiangazi, na hauishi mpaka niwashe jiko. Na mtu akija kunishikia msumeno, kabla sijavuta, namwangalia kwanza miguu. Wananicheka, nawaacha wacheke. Kila wiki nateremka itongoni nikawashe moto kidogo kwenye yale mafiga. Mwenye kiwanja amenikuta hapo mara moja. Nilimweleza, na mpaka sasa hajajenga.

Wewe unayesoma, siku moja utaitwa kwenye kikao baada ya matanga. Mtakaa kwenye mikeka, mtakunywa chai, na mtu atasema huyu aende kwa fulani, huyu aende kwa fulani, kama mnagawana vyombo. Kabla hujafungua mdomo wako ukubali, mfikirie yule mliyetoka kumzika. Usidhani hajui mlichoamua. Atakaa pale, jua likichomoza atadhani linazama, na ataendelea kuwasubiri warudi pamoja hata miaka mia.

Waacheni wakae pamoja. Hata kama mkubwa wao ni mtoto. Wapelekeeni kuni.