Majiko Matano kwenye Nguzo Moja

Jiko langu la umeme lina koili moja nyeusi na kitufe cha kuzungusha kinachoishia namba sita. Namba tano na sita siruhusiwi kuzigusa. Aliyenikataza si daktari. Ni msimamizi wa kambi ya magari, mzee wa Kiswidi mwenye fulana ya rangi ya chungwa, aliyenieleza kwa upole kwamba nikizima umeme wa nguzo tunayochomekea magari yetu mara moja tena, itanibidi nitafute mahali pengine pa kuegesha. Waswidi hawakufukuzi. Wanakuomba tu utafute mahali pengine, tena wanakutakia siku njema.

Ninakaa ndani ya gari. Wenyewe wanaliita husbil, gari lenye kitanda, choo na meza ya kukunja, na wengi wao hulitumia kiangazi kuzunguka nchi wakipiga picha za maziwa. Langu haliendi popote. Limeegeshwa upande wa Hässelby, kitongoji cha mji mkuu, mwendo wa basi kutoka mwisho wa njia ya kijani ya treni, na ndiyo nyumba yangu tangu mwaka juzi. Kuna watu wawili wa kushukuriwa kwa hilo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwashukuru hadharani, acha nifanye mimi.

Wa kwanza ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa Kiafrika. Nilipanga chumba kwake, mtaa wa Vårby gård, miaka minne. Jumatano moja, akikata vitunguu, aliniambia mpwa wake anakuja kutoka Kenya na chumba kitahitajika Ijumaa.

"Usijali, dada," akasema, macho yamejaa machozi ya kitunguu. "Mungu atakufungulia mlango."

Mlango ulifunguka kweli, wa gari. Mpwa mwenyewe mpaka leo hajafika, labda bado yuko foleni uwanja wa ndege. Chumbani mwangu sasa mna ile mashine ya kukimbia bila kwenda mahali.

Wa pili ni shemeji yangu, ndugu wa aliyekuwa mume wangu. Yeye ndiye aliyenipatia hili gari, na lilikuja na jiko la gesi. "Shemeji, gesi iko sawa, nimeikagua mwenyewe," akaniambia. Aliikagua akiwa amesimama nje, mikono mfukoni. Asubuhi ya nne niliwasha kiberiti, na hewa yote ya ndani ikageuka moto. Nyusi zilienda. Ngozi ya mkono wa kushoto ilienda mpaka kwenye kiwiko. Mimi mwenyewe nilibaki, sijui kwa nini, na wauguzi pia hawakujua. Shemeji alikuja kuniona wodini na mfuko wa zabibu, akaniuliza kwa nini sikufungua dirisha kwanza. Zabibu alizila yeye, nusu nzima, kwa sababu mimi mikono ilikuwa imefungwa.

Ndiyo maana napikia umeme. Siku hizi hata mtu akiwasha sigara karibu na mimi nahama kiti.

Jiko la kwanza nililonunua lilikuwa la kioo, jembamba, zuri mno. Nikaweka maji kwenye sufuria yangu ya alumini, ile niliyotoka nayo nyumbani nimeizungushia leso ndani ya sanduku. Jiko likalia pii, pii, likazima. Nikabonyeza tena, likalia tena. Nikalirudisha dukani nikiwa na sufuria mkononi, nimejiandaa kwa vita. Kijana wa dukani akatoa sumaku, akaibandika chini ya sufuria yangu. Sumaku ikaanguka sakafuni. Akanieleza kwamba jiko la namna hiyo linataka sufuria yenye chuma, yangu halitaitambua. Sufuria iliyopika matanga mawili na harusi tatu, leo jiko haliitambui! Nikabadilishiwa hili la koili, ambalo halichagui.

Mimi niliishia darasa la sita, umeme sikufundishwa. Nimefundishwa na jirani yangu, mstaafu wa Kiswidi anayekaa na redio yake na mbwa mzee. Nguzo yetu ni ya zamani, inalisha magari manne, na fyuzi yake ina roho ndogo. Mara ya kwanza niliizima kwa kuwasha jiko na hita pamoja, mwezi wa kwanza, theluji imefika kwenye vioo. Mara ya pili nilikuwa nachemsha maharagwe nikatamani chai, nikawasha na birika. Maharagwe kwenye namba tatu ni kazi ya nusu siku, sikuona kosa la mtu kutaka chai. Msimamizi aliliona. Ndipo akanitajia hayo ya mahali pengine. Mahali pengine pa kuegesha gari mwaka mzima sina. Nimeuliza, nimepiga simu, hakuna. Jirani akaniandikia karatasi, nikaibandika juu ya jiko: jiko na taa, sawa, jiko na hita, hapana, jiko na birika, hapana.

Sasa, kikundi. Kila mwezi tunakula kwa mwanachama mmoja. Na kwetu mgeni wa namna hiyo haji akakaa kama bwana harusi. Anakuja mapema, anavaa leso kiunoni, anashika kisu. Kwa zamu mbili mwenyekiti alikuwa akisoma orodha, akifika kwangu anasema, "Huyu dada tutampumzisha." Nikapumzishwa. Sijawahi kupumzishwa hivyo maishani. Mara ya tatu nikamkatiza.

"Mwezi wa sita ni kwangu," nikasema.

"Kwako wapi, dada?" akauliza.

"Kwangu."

Wenzetu wakaangalia vikombe vyao.

Nilipanga ile siku kuliko nilivyopanga harusi yangu, ambayo nayo ni heri nisingeipanga. Siku mbili nzima nilipika kitu kimoja kimoja kwenye namba nne. Maharagwe, halafu kuku, halafu mboga. Kila sufuria ikiiva naifunga blanketi na kuilaza kitandani kama mgonjwa. Nililala kwenye kiti. Ikabaki ugali tu, ambao ni wa kusonga watu wakiwa wamefika. Jiko moja, sufuria moja. Na kwa usalama nikawaandikia wote kwenye simu: "Msilete kitu chochote. Kila kitu kipo."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilipaswa kujua. Mtu wetu akikuambia usilete kitu, wewe unasikia kwamba hana kitu.

Walikuja Jumamosi saa sita mchana, wanne, wakitembea kutoka kituo cha basi. Mwenyekiti mbele, kwapani amebana kitu bapa ndani ya mfuko. Nilidhani ni keki. Nikaangalia wa pili, naye ana mfuko bapa. Wa tatu pia. Mama wa Kikongo, ambaye ndiye pekee aliyewahi kuja kuniona hospitali mikono mitupu na kuninywesha uji wa wodini, alikuwa amejitwika wake kichwani.

"Ni nini hiki?" nikauliza.

"Majiko," akasema mwenyekiti. "Nilimpigia simu kila mmoja, nikawaambia, huyo maskini hana hata pa kupikia, kila mtu abebe jiko lake na cha kupika. Usishukuru, dada. Ndiyo umoja."

"Jamani, asanteni, lakini chakula kimeiva. Na umeme wa hapa una kiasi. Ni jiko moja tu."

"Umeme una kiasi!" Akawageukia wenzake. "Tumeondoka Afrika na mgao wa umeme umemfuata huyu peke yake!"

Wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, ilikuwa nzuri. Kisha nikawaonyesha karatasi ya jirani, nikawaambia habari ya msimamizi, kwamba nikizima tena naondoka hapa. Niliwaambia kwa Kiswahili, polepole, wote wakaitikia. Maji ya ugali yalikuwa yameanza kupata moto. Nikachukua dumu nikaenda bombani kuongeza maji, mwendo wa kama dakika tano, na foleni ya Waswidi wawili wanaoosha vikombe.

Niliporudi, meza yangu ya nje ilikuwa na majiko manne yamepangwa mstari mmoja, yamechomekwa kwenye ekstensheni ya mwenyekiti. Hiyo ekstensheni aliivuta yeye mwenyewe mpaka kwenye nguzo. Kwenye moja chapati, kwenye jingine samaki, hapa wali, pale mandazi. Yote namba ya mwisho. Nikafungua mdomo niseme, nguzo ikanitangulia. Tik.

Redio ya jirani ikanyamaza katikati ya neno.

"Ee yaya," akasema mama wa Kikongo, mwiko hewani, "kuran imeenda!"

Kuran kwao ni umeme. Ulikuwa umeenda kweli, na milango ya magari mengine ikaanza kufunguka, mmoja mmoja. Jirani akatoka na kikombe cha kahawa iliyochujika nusu. Mbwa akatoka. Na kule mwisho wa njia nikaona fulana ya rangi ya chungwa juu ya baiskeli. Nilihesabu kichwani nitaanza kufunga nini kwanza.

Msimamizi akashuka, akaangalia meza, akauliza kwa Kiswidi haya yote ni ya nani.

Mwenyekiti ana Kiswidi kizuri, cha ofisini. Akajifuta mikono kwenye leso, akatabasamu, akanielekeza kwa kidevu. "Hii ni nyumba yake," akasema. "Sisi ni wageni tu."

Miaka miwili, kinywani mwa mwenyekiti, gari langu lilikuwa "kule anakolala." Likawa "hali yake ile." Siku alipoliita nyumba, ilikuwa ya kunikabidhi kwa msimamizi.

Kiswidi changu mimi ni cha kusafishia ofisi za watu: ndoo, sakafu, samahani. Lakini kidole sijawahi kukosa. Nikaweka dumu chini, nikachukua mwiko mezani, nikaunyoosha.

"Hili lake," nikasema. "Hili lake. Hili lake." Nikafika kwa mwenyekiti, nikamgusa bega kwa ncha ya mwiko, taratibu kabisa. "Na hili, na waya huu, wake. Nilimkataza."

"Dada, unanitaja mbele ya mzungu?" akanong'ona kwa Kiswahili.

"Wewe umenitaja kwanza, mwenyekiti, tena kwa Kiswidi safi."

"Ni kweli, papa," mama wa Kikongo akamwambia msimamizi, akimwita baba kwa heshima ya kwao, Kiswidi chake kikipishana na Kifaransa. "Alisema moja tu. Sisi tuko na kichwa ngumu." Wale wengine wawili walikuwa wakichunguza nyasi.

Msimamizi akageukia mlango wangu. Aliinama, akaokota kitu chini ya mlango wangu. Ilikuwa plagi ya jiko langu. Waliichomoa wapate tundu kwenye nguzo. Maji yangu ya ugali yalikuwa yanapoa huko ndani tangu nilipoondoka. Akaishika ile plagi, akafuata waya wake kwa macho mpaka ndani, akaona koili moja, sufuria moja, na karatasi ya jirani ukutani. Aliisoma yote. Jirani akaongeza maneno mawili matatu, sikuyashika, ila nilisikia "si yeye."

Msimamizi akachomoa ekstensheni, akafungua nguzo, akabonyeza. Redio ikaendelea na habari. Akanirudishia plagi mkononi.

"Jiko moja," akasema. "Lako. Hii ya leo haihesabiwi kwako."

Nilichomeka, nikaweka namba nne, nikageuza uso kwenye sufuria kwa sababu mvuke ulikuwa unaniingia machoni. Maji yenyewe yalikuwa yameshapoa.

Mwenyekiti alikumbuka kwamba ana zamu kazini. Jumamosi, ofisi imefungwa, ana zamu. Akaondoka kwa haraka kuelekea basi, leso bado iko kiunoni. Waliobaki walikaa kwenye nyasi saa nzima wakisubiri ugali wa koili moja, na mmoja aliuliza kama sina chumvi, nikajua tumerudi kawaida. Kuku alikuwa bado wa moto ndani ya blanketi. Jirani alikula mara mbili, msimamizi alichukua paja kwenye karatasi. Mama wa Kikongo alivuta mandazi yake yaliyobaki mabichi akayamaliza kwenye jiko langu, moja moja, bila kuniuliza.

Mwenyekiti alisahau jiko lake. Ni la kioo, lile lisilotambua sufuria yangu, lina ngazi tisa na saa ya kujizima lenyewe. Nimenunua sufuria yenye chuma kwa ajili yake. Nalitumia peke yake, bila birika, kwenye ngazi ya tano, na linapika vizuri sana, siwezi kusema uongo. Simu hajapiga. Akilitaka aje achukue, nyumba yangu anaijua.