Nywele za Mtoto na Walinzi wa Kuazima
Gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, mji wetu wa Palma ulijaa magari meupe mpaka kuku wakajifunza kutazama kushoto na kulia. Kila kijana alitaka kazi ya ulinzi, ila walioajiriwa walitoka mbali. Mimi nilikuwa nimehitimu shule ya usiku, nikajiona nimebakiza kidogo tu niwe daktari.

Dada yangu anaishi na virusi vya UKIMWI. Alimeza dawa bila kuruka siku, akajifungua mtoto wa kike. Bibi yetu akaweka nadhiri: nywele za mtoto hazinyolewi, wala mbuzi wa akika hachinjwi, mpaka ijulikane kwamba mtoto hana virusi. Muuguzi alisema jibu la mwisho ni mtoto akifika miezi kumi na minane, akishaacha ziwa. Basi nywele zikaota, kichwa kikawa kichuguu. Mbuzi alitoka kijiji cha Pundanhar akiwa mdogo sawa na paka. Akanenepa akapita punda.

Mtoto alipofika miezi tisa dada alishindwa kungoja. Akampeleka mtoto kwenye kibanda cha dawa sokoni, mtoto akachomwa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili, yaani virusi vipo. Alirudi kajifunika kanga uso mzima.

"Mume wangu," bibi akaniambia, "uliyesoma ni wewe. Sema."

Nikakimbilia daftari la biolojia. Mbuzi alikwishatafuna kurasa za kingamwili, walinzi wa mwili, zote. Ikabidi nitumie kichwa.

"Bibi, kipimo kile hakimtafuti mwizi, kinatafuta walinzi. Mwili wa dada umeajiri walinzi, na mtoto tumboni aliazimwa baadhi yao. Huenda ndio hao walioonekana. Mkataba ukiisha, wataondoka."

"Kwa hiyo kimeona sare tu?"

"Huenda. Tena mwalimu alisema wataalamu siku hizi wanawaunda walinzi hao maabara, wakali kweli, ili watu wachomwe sindano kabla mwizi hajabisha hodi."

"Na huko nako vijana wa Palma hawakuajiriwa?"

Dada akacheka ndani ya kanga. Kesho yake muuguzi akasema yaleyale niliyosema mimi, ila kwa ufupi, akamgombeza dada kwa kwenda kibandani, akamhimiza asiache dawa.

Miezi kumi na minane ikatimia. Kwenye kipimo cha muuguzi mstari ulikuwa mmoja. Dada alikigeuzageuza kile kipimo kama anayetafuta wa pili, kisha akakaa chini palepale sakafuni akimbusu mtoto nyayo.

Jumapili kichuguu kikanyolewa, mbuzi akachinjwa, mtaa mzima ukala. Bibi akanipakulia utumbo, sahani ikafurika.

"Kula, mume wangu. Daftari lako limo humu."