Ruhusu Mara Hii Tu

Fausta msimseme vibaya mbele yangu. Ukuta wa kibanda changu cha cherehani ndio ukuta wa intaneti kafe aliyokuwa akiiangalia, hapa mjini, mtaa wa Mfaranyaki, mwaka 2005. Waya mmoja wa ekstensheni ulilisha kompyuta zao nne, ukapenyezwa kwenye tundu la ukuta hadi kwenye pasi yangu. Yeye akichoka kukaa ananiletea chai. Mimi nikichoka kushona nakwenda kuchungulia umbea.

Na umbea ulikuwa mmoja: mwalimu Anord wa Madaba.

Kila Jumamosi kijana huyo alipanda basi kuja mjini, anakaa kompyuta ya dirishani achati na wenzake aliosoma nao chuo cha ualimu. Hajatulia vizuri, utamsikia: "Dada Fausta, samahani, imeblokiwa tena."

Fausta alinieleza siri yake. Kwenye programu ya kufungulia mtandao watu hubandika vidude vya nyongeza, navyo vinaitwa ekstensheni, jina lilelile la waya wangu. Kimoja kazi yake ni kuzuia vidirisha vya matangazo vinavyorukaruka. Sasa chati ya mwalimu nayo hufunguka kwa kidirisha, basi nayo inazuiwa. Dawa ni kubofya, ama "ruhusu siku zote" ama "ruhusu mara hii tu".

"Na wewe unabofya ipi?"

"Mara hii tu, Mama Chiku." Akacheka hadi chai ikammwagikia. "Nikibofya siku zote, ataniita kwa lipi?"

Astaghfirullahi! Binti wa kijiji cha Hanga, kalelewa kwa kengele za watawa wa huko! Nilizidi kumpenda siku hiyo.

Shida ni kwamba mwalimu hakuwa na neno jingine mdomoni. Miezi inakwenda, yeye ni imeblokiwa, ahsante dada, kwaheri. Fausta akaanza kukonda. Mimi nikapandwa na hasira: mwanaume mzima, darasani anafoka, hapa anameza mate!

Halafu akaja kuharibu Mzee Hironimus, mwenye kafe. Huyu biashara zilipoachiwa huru alianza na mitumba, akahamia redio, sasa kompyuta, na zote anaziendesha kwa kelele. Ijumaa hiyo aliingia amefura. Wateja walikuwa wamebandika vidude vyao hadi ukurasa wenyewe umebaki kipande cha kuchungulia.

"Fausta! Kesho sitaki kuona ekstensheni hata moja humu. Zote, toa!" Akabandika na tangazo mlangoni: EKSTENSHENI MARUFUKU.

Fausta akatoa. Machozi yanamlenga, akatoa na kile chake cha kuzuia vidirisha.

Jumamosi mwalimu akaja, akasoma tangazo, akakaa. Chati ikafunguka yenyewe. Fausta mezani kwake anajifanya anapanga kalamu. Mwalimu anaikodolea macho ile chati, haandiki hata neno. Nikasema moyoni, basi imekwisha, hana tena cha kumwitia. Iliniuma kweli.

Nikarudi kwenye pasi, maana nilikuwa na suti ya bwana harusi. Mara pasi ikazima. Upande wa pili kompyuta zote zikazima, watu wakaguna kwa pamoja.

Nikatoka mbio, matusi yapo mdomoni tayari. Nikamkuta mwalimu amechutama chini ya meza, plagi iko mkononi, jasho linamtiririka.

"Dada Fausta," akasema, "bosi si amesema ekstensheni zote zitolewe? Nimetoa iliyobaki. Sasa... njoo unisaidie kuichomeka."

Fausta akaziacha kalamu zake, akaingia chini ya meza. Tukangoja. Tukasikia kicheko, kisha minong'ono, na plagi haichomekwi.

"Jamani, suti ya watu!" nikapiga kelele. "Umeme!"

"Subiri kidogo, Mama Chiku," akajibu Fausta kutoka chini. "Bado imeblokiwa."