Miti Kumi na Saba ya Mutuini

Kwa wanafunzi wangu wa darasa la sita, kaskazini ilikuwa darini. Nilipouliza, "Kaskazini ni wapi?" vidole karibu tisini viliinuka kuelekea mabati, kwa kuwa kwenye ramani iliyobandikwa ukutani kaskazini iko juu. Mimi niliijua kwa kibla. Ukiwa Nairobi, Makka iko karibu kaskazini kabisa, na kila siku nilisali nikielekea dirisha lililotazama migomba ya mwenye nyumba wangu. Lakini hilo sikuwaambia watoto. Niliwatoa nje, nikawaonyesha jua linapochomoza, nikaanza upya.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu elimu ya msingi iwe bila malipo. Watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, nami nilikuwa nimetumwa kutoka Mombasa kuja kufundisha shule moja kati ya Waithaka na Mutuini, mahali ambapo sikuwa na mtu hata wa kumwomba chumvi. Katika chumba cha walimu, wenzangu walizungumza Kikuyu. Nikiingia, walihamia Kiswahili kwa adabu, na baada ya dakika mbili maneno yakawarudisha kwao. Sikuwalaumu, maana nasi kwetu ndivyo tulivyowafanyia walimu wa kutoka bara. Mwalimu mmoja alipenda kunitania kwamba nikisema "tafadhali" anadhani redio imefunguliwa. Nilicheka naye. Nikifika chumbani nilikaa kitandani na viatu vyangu miguuni mpaka giza likaingia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ulimi mkali, na kile kiburi cha mtu ambaye kwao ndiye wa kwanza kupata cheti.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane wa makamo ya kuelekea uzee. Ploti nzima ilimwita Cucu, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cucu hakuwahi kuusikia msemo huo, lakini siku ya tatu alinipa jembe kwelikweli, akanionyesha mstari wa maharagwe. Jioni yake akasimama mlangoni kwake akaita, "Mwalimu! Kuja ukule!"

Tangu hapo aliita kila jioni. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe, au ugali na sukuma wiki, taarifa ya habari ikisomwa kwenye redio yake. Magharibi ikifika aliipunguza sauti bila kuambiwa, nikaenda kusali, nikarudi. Nilimsimulia habari za kwetu, harusi zetu na samaki wetu, naye akashangaa watu wanawezaje kula wali na nazi asubuhi. Katika Nairobi nzima mlango ulionifungukia ulikuwa huo mmoja, na bila ule mwito wa jioni ningekuwa nazungumza na sufuria.

Naye alinisimulia yake. Shamba lake liliteremka mpaka kijito, na kule chini ilisimama miti aliyoipanda marehemu mumewe: miringa, mikima na mikuyu, ikishika ukingo na kukifunika kisima cha chemchemi ambako jirani walichota maji mifereji ikikauka. Hati ya shamba bado ilikuwa kwa jina la baba mkwe, aliyekufa zamani. Shemeji yake, aliyelima upande wa pili wa mpaka, alikuwa na mazoea ya kusimama pale akitazama. "Huyo anangoja sarveya aje kupima tu," Cucu aliniambia. Nikasema pole, nikaomba niongezewe mboga.

Muhula wa pili silabasi ilinidai mambo mawili katika somo la jamii: kusoma ramani, na kuhifadhi maji na udongo. Nilikuwa nimechoka kuwaimbisha watoto sehemu za ramani, kichwa, fremu, dira, ufunguo na kipimo, kama watu wanaokariri majina ya wafu. Nikaamua tutachora ramani yetu wenyewe, ya ukingo wa kijito, na miti yote ndani yake. Mtoto akishauhesabu mti kwa mkono wake, nilijiambia, hataukata akiwa mtu mzima.

Nilinunua mkonge nikausokota kamba, nikaifunga fundo kila mita moja. Nikakoroga chokaa kwenye kopo, ili kila mti uliohesabiwa utiwe alama na usihesabiwe mara mbili.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilimwuliza Cucu, "Kesho watoto wangu wapite shambani?"

"Wapite," akasema, "mradi wasinikanyagie viazi."

Basi, hayo tu. Sikumweleza kamba wala chokaa. Nilimwona ni mama ambaye hakukaa darasani, na mambo ya vipimo yatamchosha bure. Nasema kweli, hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Ijumaa ile Cucu alikuwa kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa lake. Watoto waliteremka bondeni kwa makundi, kundi moja likivuta kamba, jingine likiandika, jingine likipaka chokaa. Kila mti ulipata mshipi mweupe kiunoni na namba. Walibishana kama mche mdogo ni mti au si mti. Walipofika kwenye namba kumi na saba walishangilia, na mimi nikashangilia nao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nije Nairobi kusikia sauti yangu ikiwa kubwa hivyo. Tulirudi darasani tukaichora ramani kwa penseli za rangi kwenye karatasi ya manila, kijito kwa buluu, kila mti kiduara cha kijani, na kwenye ufunguo tukaandika maana ya kila alama.

Jioni ile Cucu hakuniita. Taa yake ilikuwa imezimwa mapema. Nikadhani mkutano umemchosha, nikala mkate na chai.

Jumamosi niliondoka alfajiri kwenda mjini, ramani imekunjwa kwapani. Nilitaka nitoe kopi kubwa, moja ya darasa na moja ya Cucu, nimfanyie jambo la kumshangaza. Yule wa mashine ya kopi alichukua nusu ya siku. Nikaenda kula mahamri na mbaazi kwenye hoteli moja karibu na msikiti, na mama aliyekaa mbele ya sanduku la pesa aliposikia salamu yangu aliuliza, "Kwenu wapi, mwanangu?" Nikamtajia mtaa. Akasema anaujua. Nilikaa pale zaidi ya chakula nilichonunua, nikisikiliza watu wakisema Kiswahili changu, na nilipoinuka nilikuwa nimefurahi na kuhuzunika pamoja.

Nilifika Mutuini jua likielekea kuzama. Kabla sijafika langoni niliona kitu hakiko sawa: kutoka barabarani niliweza kuona ng'ambo ya bonde, nyumba ambazo sikuwahi kuziona. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini kule hapakuwa na kitu kilichosimama. Vijana wawili, msumeno wa injini kando yao, walikuwa wakipakia magogo kwenye mkokoteni, na unga wa mbao ulitapakaa mpaka majini. Kwenye gogo moja, mshipi wa chokaa ulikuwa bado mweupe, na namba tisa kwa mwandiko wa kitoto.

Cucu alikuwa ameketi juu ya kisiki.

"Cucu, kumetokea nini?"

"Mwalimu, watoto wako wakishapita, serikali imekuja jana nikiwa kanisa," akasema. "Shemeji anasema wamepima na kamba, na wamepiga rangi miti yote, wameweka namba. Akaniambia, mti ikishahesabiwa si yako tena. Nikaona heri nikate mwenyewe kabla wachukue, hata mbao nipate."

Mtu wa nje angeweza kumcheka. Lakini pande zile, wakati ule, kila mtu alijua maana ya rangi. Nyumba iliyokuwa kwenye hifadhi ya barabara ilipigwa alama, na siku ya pili ilivunjwa. Kamba ikinyooshwa shambani, mtu fulani amenyang'anywa. Hakuna aliyewahi kuona kamba na rangi zikija kwa heri. Mimi tu ndiye ambaye sikujua, na nilikuwa nimeambiwa kila jioni mezani, nikiomba mboga.

"Ni watoto wangu, Cucu," nikasema. "Ni mimi. Ilikuwa somo."

Alinitazama, halafu akatazama vile visiki kimoja kimoja, akipitisha macho taratibu, nami nikajua anahesabu. Kisha akanyanyuka akajipangusa unga wa mbao kwenye gauni, akapanda kwenda nyumbani. Nililia palepale bondeni, wale vijana wakijifanya hawanioni.

Jumatatu watoto walikuwa wameshajua. Ramani yetu ya manila ilikuwa ukutani. Nikawaambia ramani ni lazima iseme kilichopo, kwa hiyo tufute vile viduara. Walipokezana raba. Walipomaliza, msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, kwa ufunguo bado kuna alama ya mti. Inaonyesha kitu haiko."

Nikamwambia aifute nayo. Akaifuta, akapuliza vumbi la raba, akarudi kukaa.

Wiki nzima mlango wa Cucu haukuita. Nilirudi shule, nikapika, nikala, nikaosha sahani moja. Nilisikia redio yake ikipunguzwa sauti magharibi kama kawaida, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Jumapili nikashindwa. Nilienda kugonga mwenyewe, na kile kiburi changu nilikiacha chumbani.

Alinifungulia akanipa kiti. Nikamwomba msamaha kwa maneno yote niliyokuwa nayo, na kwa mara ya kwanza nikamweleza: kamba ni ya nini, chokaa ni ya nini, namba ni za nini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini. Alielewa kila kitu. Aliuliza hata swali, jinsi tulivyofanya ukubwa wa shamba uingie kwenye karatasi ndogo, na nilipomjibu aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika.

"Ungeniambia," akasema. "Kila jioni ulikuwa hapa. Mimi mwenyewe ningeenda na hao watoto, niwaonyeshe ile mti ilipandwa nani akizaliwa."

Sikujua kwamba kila mti ulikuwa na mtoto au mjukuu wake. Sikuwa nimeuliza. Miezi yote ile nilikula chakula cha mwanamke yule nikimsimulia kwetu, nikidhani mpweke ni mimi peke yangu.

Aliinuka akachemsha chai. Akafungua kabati, akatoa kikombe cha maua chenye kisahani, kile ambacho hutolewa mchungaji akija, akakifuta kwa kitambaa, akanimiminia. Akanikaribisha biskuti. Akaniuliza wazazi wangu hawajambo. Nilikunywa, nikashukuru, na nilipoaga alinisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Nilikaa kwake miezi saba zaidi kabla ya kuhamishwa, na kila nilipogonga alinipa kiti na kile kikombe. Kuniita, hakuniita tena.