Damu Iliyokataa Kuganda

Figo za mama zilikuwa zimechoka kitambo, hilo tulilijua. Kilichotutoa naye kijijini kwetu Boito mpaka hospitalini ni kifua. Alikuwa na homa kali na anakohoa usaha. Wakamdunga antibayotiki, na lazima niseme ukweli, sindano hizo zilimsaidia. Homa ilishuka, akaomba uji, akaanza hata kunisuta.

“Weri, mwanangu, ng'ombe umeachia nani? Ama siku hizi wanajikamua?”

Halafu fizi zikaanza kutoka damu. Mahali pa sindano napo, nesi anaweka pamba, inalowa, anaweka nyingine. Dada yangu akawaka.

“Alikuja hapa na kikohozi tu! Hii damu mmeitoa wapi?”

Mimi niliishia darasa la saba, nikaokota pamba zilizolowa.

Daktari alitueleza, na sina hakika kama nilishika yote. Dawa ile hutoka kwa mkojo. Figo zisipofanya kazi inabaki mwilini, inajaa, na ikijaa inazuia damu kuganda. Figo mbovu zenyewe pia hufanya hivyo. Alisema walikuwa wamempunguzia dawa kwa sababu hiyo, lakini hata hiyo kidogo ilimshinda. Hakutuficha kitu, kwa vile nilivyomwona.

Sisi kuganda tunajua ni kwa maziwa. Mama, aliyesifiwa kijijini kwa mursik yake, maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kisafi, akacheka na meno mekundu. “Kumbe mimi ni kibuyu kilichooshwa na mvivu!”

“Simamisheni hiyo dawa,” dada akasema.

“Tumeisimamisha, mama,” daktari akamjibu dada. “Lakini kifua bado. Na dawa nyingine tuliyo nayo si kali kama hiyo.” Akanigeukia mimi. “Umeelewa, mzee?”

Nikasema ndiyo. Sikujua swali la kuuliza.

Dada mpaka leo anasema ni dawa iliyomwua. Pengine ana haki. Yeye ndiye aliyekuwa akishika beseni. Mimi nakumbuka pia ule uji aliouomba, kwa hivyo siwezi kuapa.

Asubuhi moja, siku chache baada ya dawa kusimamishwa, dada alimpangusa mama mdomo, akaniinulia kitambaa. Kilikuwa cheupe kabisa.

“Imeganda!” akasema, anacheka na kulia.

Nikaweka mkono kwenye paji la uso wa mama. Alikuwa anachemka tena, na aliponiangalia aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.